IPA Nyeusi ya Nyumbani: Uchungu wa Jivu Ulitoka Wapi?

Bia inayochambuliwa hapa ilipikwa nyumbani mara nne, Portland, jimbo la Oregon, Marekani, kila mara lita 20. Mpikaji alitaka IPA (India Pale Ale) nyeusi, bia yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu: rangi ya kahawa, harufu ya msonobari na ganda la chungwa, uchungu wa hopsi ulio safi, na mwisho mkavu unaokufanya unyanyue glasi tena. Mpiko wa kwanza ulimpa kinywaji kinachokwaruza koo, chenye jivu nyuma ya ulimi na utamu wa karameli katikati, na harufu ya hopsi iliyokuwa imekwisha kabla nusu ya chupa hazijafunguliwa. Lalamiko lake lilikuwa moja: chungu mno. Neno hilo lilimgharimu mpiko mzima, kwa sababu lilimwelekeza kwenye hopsi.

Kwanza tujue alikuwa anatafuta nini. Aina hii ya bia huhusishwa na Greg Noonan, aliyeipika Vermont Pub & Brewery mjini Burlington mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye wapikaji wa kaskazini-magharibi ya Marekani, hopsi zikiwa mlangoni kwao, waliifanya yao na kuiita Cascadian Dark Ale. Mwongozo wa mashindano wa 2015 wa BJCP, shirika la waamuzi wa bia, unaiwekea mipaka hii: uzito wa mwanzo (wa kimiminika kabla ya kuchachuka, maji yakiwa 1.000) 1.050 hadi 1.085, uzito wa mwisho 1.010 hadi 1.018, uchungu kwa kipimo cha IBU 50 hadi 90, alkoholi asilimia 5.5 hadi 9, na rangi kwa kipimo cha SRM 25 hadi 40, yaani takriban 50 hadi 80 kwa kipimo cha EBC. Namba hizo ni pana sana, na bia mbaya inaweza kuingia ndani yake bila taabu. Lililo muhimu zaidi ni kwamba kimea cheusi, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaangwa hadi kuwa nyeusi, hapa kina kazi ndogo. Kinatoa rangi na harufu nyepesi ya kakao au mkate uliookwa vizuri, basi. Ukiionja ukafikiria stauti, ile bia nyeusi yenye ladha ya kukaangwa, umekwenda mbali.

Mpiko wa kwanza

Kimea cha shayiri cheupe kilo 5.2, kimea cha kristali cha rangi ya wastani gramu 500, kimea cha chokoleti gramu 300, na shayiri iliyochomwa bila kuoteshwa gramu 300. Jumla kilo 6.3. Kililowekwa kwa njia ya mfuko, yaani kimea chote ndani ya mfuko wa chandarua, mfuko ndani ya sufuria yenye maji lita 25, joto 68 °C, saa moja. Kisha mfuko ukainuliwa na kusuuzwa kwa lita 5 za maji yaliyotoka kuchemka kwenye birika. Kwenye maji yote lita 30 aliweka jasi (salfeti ya kalisiamu) gramu 12, kipimo alichokinakili kutoka mapishi ya IPA ya kawaida, ile isiyo nyeusi.

Hopsi: Chinook gramu 40 kwa dakika 60 za kuchemka, Cascade gramu 30 zikiwa zimebaki dakika 15, nyingine 30 zikibaki dakika 5. Kwa hesabu ya kawaida ya Tinseth, kanuni ya kukadiria uchungu wa hopsi, hapo kuna IBU 65 hivi. Chachu pakiti moja ya US-05. Baada ya wiki moja bia ikahamishiwa ndoo ya pili kwa mpira, ikatiwa Cascade gramu 30 na kuachwa siku 14, kisha ikaingia chupani. Uzito ulianza 1.062 ukaishia 1.018, alkoholi asilimia 5.8.

Mwenye uzoefu akiyasoma mapishi haya anaona matatizo manne au matano kabla hajaonja kitu. Mpikaji hakuyaona, na si ajabu: kila kimojawapo, kikisimama peke yake kwenye bia inayokifaa, ni kitu cha kawaida kabisa.

Mpiko wa pili, na kwa nini ulikwenda kombo

Alipunguza Chinook kutoka gramu 40 hadi 20. Kingine chochote hakukigusa. Uchungu wa hesabu ulishuka hadi IBU 39 hivi, na bia ikatoka mbaya kuliko ya kwanza. Jivu lilikuwa palepale, na utamu wa karameli, uliokuwa unazuiwa na uchungu wa hopsi, sasa ulijitandaza mdomoni wote. Ilikuwa kama pota, aina nyingine ya bia nyeusi, tamu na iliyoungua.

Lakini mpiko huo ulikuwa na faida moja kubwa. Kwa sababu kilibadilika kitu kimoja tu, ulithibitisha kwamba hopsi hazikuhusika. Ukipunguza hopsi za uchungu kwa nusu na jivu likabaki kama lilivyokuwa, jivu halitoki kwenye hopsi.

Kutenganisha machungu

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wapikaji wengi wa nyumbani hupita mbio. Neno "chungu" linabeba mambo manne tofauti kwenye bia nyeusi, na kila moja lina dawa yake.

Uchungu wa hopsi hukaa juu ya ulimi na pembeni, hupanda haraka na kufifia kwa utaratibu. Baada ya nusu dakika unabaki na hamu ya kunywa. Uchungu wa kuungua hukaa nyuma kabisa, karibu na koo, na haufifii. Una harufu yake, ya mkaa au kahawa iliyopitiliza. Ukakasi si ladha bali ni hisia: mashavu yanakauka na kuvutwa ndani, ukakasi ule wa bibo. Hutokana na tanini, dutu zinazokausha mdomo, za maganda ya nafaka. Wa nne ni ukali wa asidi, unaochoma ncha na kingo za ulimi na kufanya mate yatoke.

Bia ya kwanza ilikuwa na yote manne kwa pamoja. Majaribio matatu ya glasi yaliyatenganisha, na yote yalifanyika mezani bila kupika lita 20 nyingine.

Jaribio la kwanza lilikuwa la nafaka. Chukua vikombe vitatu. Kila kimoja kitiwe gramu 45 za kimea cheupe kilichosagwa, kisha ongeza gramu 5 za nafaka nyeusi: shayiri iliyochomwa kikombe cha kwanza, kimea cha chokoleti cha pili, na cha tatu kimea cheusi kilichomenywa maganda kabla ya kukaangwa. Mimina mililita 400 za maji ya 65 °C, koroga, funika dakika 15, chuja kwa karatasi ya kahawa, acha vipoe, onja. Tofauti ilikuwa wazi hata kwa asiyezoea. Kikombe cha shayiri iliyochomwa kilikuwa na kahawa iliyoungua na kukauka mdomoni. Cha chokoleti kilianza na kakao nzuri lakini kikamalizia kwa uchungu mkavu. Cha tatu kilikuwa cheusi kama wenzake, na ladha yake ilikuwa ya ukoko wa mkate, laini, bila mkwaruzo. Maganda ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya ukakasi, na yakikaangwa kwenye joto la juu yanaongeza mkaa wake. Kimea kilichomenywa kinaepuka hilo.

Jaribio la pili lilikuwa la asidi. Yeyusha gramu 1 ya soda ya kuokea kwenye mililita 100 za maji. Mimina bia mililita 200 katika glasi mbili; moja iache, nyingine itie mililita 1 ya maji hayo, koroga, onja, ongeza nyingine, onja tena. Kufikia mililita ya tatu ule mchomo wa kingo za ulimi ulikuwa umetulia sana. Jivu halikutikisika. Kwa hiyo kulikuwa na makosa mawili yaliyopandana: asidi nyingi, na nafaka isiyofaa. (Soda hii ni ya kupimia glasini tu. Usiitumie kutengeneza bia iliyokwisha kuiva. Unaongeza sodiamu na kuua uchangamfu wa bia kwa wakati mmoja.)

Jaribio la tatu lilijibu swali la weusi: rangi kiasi gani inatosha? Alinunua IPA ya kawaida, akaloweka gramu 50 za kimea cheusi kilichomenywa kwenye mililita 250 za maji baridi usiku kucha ndani ya friji, akachuja, kisha akaidondoshea IPA maji hayo kidogo kidogo. Inashangaza jinsi bia inavyokuwa nyeusi mapema, kabla ulimi haujagundua chochote. Ukifunga macho huwezi kutofautisha glasi mbili za mwanzo. Kuanzia hapo ukiongeza unapata kakao, na baadaye kahawa. Mpikaji alichagua alama aliyoipenda, pale kakao inapoanza kusikika, na hiyo ndiyo ikawa shabaha.

Maji ya Portland

Ukali wa asidi una chanzo kinachoeleweka vizuri. Maji ya bomba ya Portland hutoka bonde la Bull Run na ni laini mno, yana chokaa kidogo sana na uwezo mdogo wa kuhimili asidi. Nafaka zilizokaangwa huleta asidi yake. Kwenye maji magumu asidi hiyo hukutana na bikaboneti na kutulizwa. Ndiyo sababu miji yenye maji ya chokaa, kama Dublin, ilizoeana na bia nyeusi. Kwenye maji laini hakuna kinachoizuia. Juu ya hapo, kalisiamu ya jasi hugongana na fosfeti za kimea na kuachia asidi zaidi. Gramu 600 za nafaka nyeusi, nusu kilo ya kristali na gramu 12 za jasi ndani ya maji ya aina hiyo, na pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka) ya uji wa kimea, yaani kimea kikiwa ndani ya maji ya kulowekea, ikashuka hadi 5.1, ikipimwa baada ya sampuli kupoa hadi 25 °C.

Kupoza sampuli kabla ya kupima si urembo. Uji ukiwa kwenye 65 °C pH halisi iko chini kwa takriban 0.3, na vipimo vingi vya bei nafuu huharibika kwa joto hilo. Shabaha ya bia nyeusi ni 5.4 hadi 5.5 kwenye sampuli baridi.

Kuna jambo jingine la maji hayo: yana klorini iliyounganishwa na amonia. Mchanganyiko huo hautoki kwa kuchemsha tu kama klorini tupu. Ukikutana na fenoli za kimea huleta harufu ya plasta ya kidonda, na kwenye bia nyeusi harufu hiyo hujificha ndani ya moshi wa kuungua mpaka ukadhani ni kimea. Kuiondoa, kidonge kimoja cha metabisulfiti kinatosha lita 75 hivi; kwa lita 30 tumia chini kidogo ya nusu, kiponde, koroga, subiri dakika chache.

Na yale maji ya birika? Kusuuza kimea kwa maji yaliyotoka kuchemka ni njia nyepesi ya kukamua tanini. Maji ya kusuuzia yasizidi 75 °C au 77 °C. Tena, kadiri unavyosuuza, sukari inapungua, pH ya kinachotiririka inapanda, na tanini zinatoka kwa urahisi zaidi. Basi ukakasi nao ulikuwa na vyanzo viwili, maganda na birika.

Mpiko wa tatu

Hapa mambo mengi yalibadilika kwa mpigo. Kwa kawaida huo ni mwenendo mbaya, lakini majaribio ya glasi yalikuwa yameshafanya kazi ya kutenganisha, na hakukuwa na sababu ya kupika mara tano ili kuthibitisha kinachojulikana.

Shayiri iliyochomwa na kimea cha chokoleti vilitoka. Mahali pake pakaingia Carafa Special III gramu 300, kimea cha Weyermann cha Bamberg, Ujerumani. Soma lebo kwa makini unaponunua: Carafa bila neno Special ina maganda yake, na watu wengi huchukua isiyo yenyewe kisha wakalaumu mapishi. Badala yake unaweza kutumia Midnight Wheat ya Briess. Ngano kwa asili haina ganda linaloshikamana na punje.

Kristali ilishuka kutoka gramu 500 hadi 200, na ikawa ya rangi nyepesi. Sababu si rangi tu. Utamu wa kristali na uchungu wa hopsi havipatani. Mnywaji anasikia vyote viwili vikivutana, na matokeo ni uzito mdomoni. Kimea cheupe kikawa kilo 5, akaongeza kimea cha Munich gramu 400 ili mwili usipotee, na sukari ya mezani gramu 300 dakika 10 kabla ya kuzima moto. Joto la kuloweka likashuka kutoka 68 hadi 65 °C. Kwenye joto la juu kimea hutoa sukari nyingi ambazo chachu haiwezi kuzila; kwenye 65 °C zinazobaki ni chache. Uzito ukaanza 1.065 na kuishia 1.012, alkoholi asilimia 7. Huo ndio ukavu aliokuwa anautaka tangu mwanzo.

Jasi ilipungua hadi gramu 6, ikaongezwa kloridi ya kalisiamu gramu 3. Kwa lita 30 za maji laini, hiyo ni kalisiamu miligramu 74 kwa lita, salfeti 112 na kloridi 48 hivi. Salfeti ya mpiko wa kwanza ilikuwa karibu 223. Kwenye IPA nyeupe inakubalika, lakini penye kimea kilichokaangwa inachongoa kila uchungu, ule unaoutaka na usioutaka. pH ikapanda hadi 5.3.

Chachu zikawa pakiti mbili. Mtengenezaji anapendekeza gramu 50 hadi 80 kwa hektolita (lita 100), ambayo kwa lita 20 ni gramu 10 hadi 16. Pakiti moja ya gramu 11.5 iko ukingoni kwa bia nzito kama hii, tena kama haijakaa dukani muda mrefu.

Hopsi zilirudi kwa nguvu, ila zilihamishwa kwenda mwisho: Magnum gramu 25 kwa dakika 60, Centennial gramu 30 zikibaki dakika 10, kisha baada ya moto kuzimwa na joto kushuka hadi 80 °C, Simcoe gramu 50 na Centennial gramu 50 kwa dakika 20, sufuria ikiwa imefunikwa. Magnum ina uchungu safi na harufu haba, na hapo mwanzoni harufu ingepotea na mvuke hata hivyo. Kwenye 80 °C mafuta ya hopsi hayakimbii kama kwenye mchemko, na uchungu unaoongezeka ni kidogo. Jumla ya makadirio ni IBU 55 hivi: chini ya mpiko wa kwanza, ingawa kila aliyeonja alisema bia hii ina hopsi zaidi.

Kuhusu uchaguzi wa hopsi tuna msimamo. Kimea cheusi kinakaa vizuri na msonobari, utomvu, chungwa na balungi: Chinook, Simcoe, Centennial, Cascade. Hopsi za kisasa zenye harufu ya embe na pasheni ni tamu sana pua ikizipokea peke yake, lakini zikikutana na kakao iliyokaangwa huleta kitu kama tunda lililooza juu ya makaa. Wapo wanaoipenda. Sisi hatuko miongoni mwao.

Wiki mbili baada ya kuingia chupani bia ilikuwa karibu na lengo: nyeusi, kavu, kakao kidogo, harufu imejaa. Wiki ya tano harufu ilikuwa imekufa. Palikuwa na utamu wa zabibu kavu na kitu kama karatasi yenye unyevu.

Hewa, na hila ya rangi nyeusi

Tatizo hili lilikuwepo tangu mpiko wa kwanza, ila jivu lililifunika. Bia ilikuwa inakula oksijeni. Kwenye IPA nyeupe hewa hujitangaza: bia inageuka rangi, inakuwa ya kahawia iliyochakaa, na mtu anajua mara moja. Kwenye bia nyeusi rangi haisemi kitu. Unachokiona ni kwamba hopsi zimepotea na utamu umeongezeka, na unakimbilia kuongeza hopsi mpiko unaofuata. Unaongeza gramu 50, zinakufa vilevile.

Njia za hewa zilikuwa tatu. Kuhamisha bia kwenda ndoo ya pili, ambako inamiminika na kupiga povu hewani. Kuweka bia kwenye ndoo ya tatu ili kuichanganya na sukari ya gesi. Na chupa zilizojazwa nusu-nusu shingoni, zikiacha sentimita tano au sita za hewa chini ya kizibo.

Zile siku 14 za hopsi nazo hazikuwa na maana. Hopsi za punje zilizoshindiliwa zinaachia karibu harufu yake yote ndani ya siku moja hadi tatu. Zikikaa zaidi huanza kutoa ladha ya majani. Kiasi nacho kina kikomo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon uliochapishwa 2018, uliofanywa kwa Cascade, ulionyesha kwamba kati ya gramu 4 na 8 kwa lita ndipo faida ilipo, na ukizidisha hapo harufu inaelekea zaidi majani na chai kuliko machungwa. Gramu 30 kwa lita 20 alizotia mara ya kwanza zilikuwa gramu 1.5 kwa lita. Kidogo mno, na kwa muda mrefu mno.

Mpiko wa nne

Nafaka, maji na hopsi za sufuriani zilibaki kama za mpiko wa tatu, isipokuwa jambo moja: Carafa Special haikuingia mwanzoni. Kimea kingine kililowekwa peke yake dakika 45, pH 5.45, kisha cheusi kikaongezwa kwa dakika 15 za mwisho. Kikoroge ndani kabisa. Ukikinyunyiza juu kinaelea na nusu ya rangi inabaki kwenye machicha. Rangi inapungua kidogo kuliko ukikiloweka saa nzima, lakini makadirio ya SRM 28 yaliacha nafasi. Kulikuwa na njia ya pili, ya kukiloweka kwenye maji baridi usiku kucha na kumimina maji yake sufuriani mwishoni mwa mchemko. Inatoa ladha laini kuliko zote, ila huvuta rangi kidogo, na ili kufikia weusi uleule unahitaji kimea zaidi kwa theluthi moja au hata zaidi ya hapo. Kusuuza kukafanywa kwa maji ya 70 °C.

Uchachushaji ulifanyika kwenye ndoo moja tu, 18 °C, ukapandishwa hadi 20 °C mwishoni. Uzito ulipofika 1.014, chachu ikiwa bado inafanya kazi, zikatiwa Simcoe gramu 60 na Centennial gramu 60, yaani gramu 6 kwa lita. Wakati huo ni muhimu. Chachu iliyo hai hula oksijeni inayoingia na hopsi, na gesi inayotoka inasukuma hewa nje ya ndoo. Ukingoja mpaka bia itulie kabisa, kufungua kifuniko ni kukaribisha hewa isiyo na wa kuiondoa.

Siku ya tatu usikimbilie chupa. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja sukari ambazo chachu ilishindwa kuzila, na uchachushaji unaanza upya polepole. Hapa uzito ulitulia 1.013 kisha ukashuka hadi 1.012. Inaonekana ndogo, lakini mteremko wa aina hiyo ukiendelea ndani ya chupa iliyofungwa ni gesi ya ziada, na ukiwa mkubwa chupa hupasuka. Chachu inayoamka namna hiyo pia huacha harufu ya siagi. Ipime hivi: bia kidogo kwenye gilasi iliyofunikwa, ndani ya maji ya 60 °C kwa dakika 20, halafu ipoe na unuse. Ukipata siagi, iache ndoo kwenye 20 °C siku mbili au tatu zaidi. Uzito ukisomeka uleule kwa siku tatu, endelea.

Wanaopoza ndoo ili hopsi na mashapo vizame wakumbuke kwamba hewa iliyo juu ya bia husinyaa ikipoa, na ndoo huvuta kutoka nje kupitia kizibo cha maji. Hapa mpikaji alifunga mfuko wa plastiki uliokuwa umejazwa gesi ya uchachushaji wenyewe, na ndoo ikavuta kutoka humo.

Chupani hakukuwa na ndoo ya kuchanganyia. Sukari ya mezani gramu 2 iliwekwa moja kwa moja ndani ya kila chupa ya mililita 355, kiasi kinachotoa gesi ya wastani, karibu ujazo 2.4 wa gesi kwa ujazo mmoja wa bia. Bia ikatoka kwenye bomba la ndoo kupitia mrija unaofika chini ya chupa, ikajazwa mpaka mdomoni. Mrija ukitolewa inabaki nafasi ya sentimita mbili au tatu. Kizibo kikawekwa juu, na kikakazwa povu linapofika mdomoni. Wiki mbili kwenye 20 °C, kisha friji. Wiki ya tano harufu ilikuwepo, na zabibu kavu hazikuwepo.

Ukiyahamisha mapishi haya

Usinakili chumvi zake bila kujua maji yako. Palipo na maji magumu ya kisima, kimea cheusi kinaweza kulowekwa saa nzima bila pH kushuka mno. Tatizo lako litakuwa kinyume, pH iliyo juu na tanini. Ukipikia Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu na 94 °C, na hopsi zinatoa uchungu taratibu kuliko Portland. Ongeza gramu za Magnum au uchemshe muda mrefu zaidi, ila zile za 80 °C usiziguse, kwani joto hilo ni lilelile popote. Soma pia asidi ya alfa, chanzo cha uchungu wa hopsi, iliyoandikwa kwenye pakiti: Magnum ya hesabu hii ni ya asilimia 13, na ya msimu mwingine inaweza kuwa 11.

Sheria nayo si moja kila mahali. Marekani ilihalalisha bia ya nyumbani kwa sheria ya shirikisho iliyotiwa saini 1978, galoni 100 kwa mwaka kwa kaya yenye mtu mzima mmoja na 200 kwa yenye wawili au zaidi, bila kuiuza. Kenya inadai leseni ya kutengeneza kileo chini ya sheria ya 2010, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujawasha jiko.

Mpikaji anafikiria kubadilisha jambo moja dogo mpiko ujao: kurudisha Chinook gramu 20 mahali pa sehemu ya Centennial ya dakika 10, ili msonobari usikike zaidi. Bia inywewe kwenye 8 hadi 10 °C. Ikiwa baridi zaidi kakao haisikiki, na ikiwa ya joto alkoholi inajitokeza. Na inywewe ndani ya miezi miwili, hata kama chupa zilijazwa kwa uangalifu wote.